Dume au jike? Kutatua utata wa jinsia kwa hamsta, panya na simbilisi wa kufugwa

Kosa la kutambua jinsia halionekani siku linapofanyika. Huonekana wiki 3 baadaye, pale "dume" anapozaa, au pale "majike" wawili waliokuwa wakilala pamoja wanapoanza kuumana hadi damu. Kufikia hapo pengine kuna mimba nyingine tayari. Mwongozo huu unafuata kile unachokiona kwa mnyama wako, unaeleza kinachosababisha hali hiyo, kisha unasema la kufanya. Kanuni moja ishike tangu mwanzo: mpaka uwe na uhakika, wachukulie kuwa ni dume na jike, na kila mmoja akae kizimba chake.

Kipimo kinachoaminika

Usianze na korodani wala chuchu. Anza na umbali kati ya kijitundu cha mkojo na tundu la haja kubwa. Kwa dume umbali huo ni karibu mara mbili ya ule wa jike wa umri uleule. Eneo hilo la katikati kwa dume huwa na ngozi yenye manyoya, na ndipo mfuko wa korodani unapokaa. Kwa jike ni kipande kifupi, mara nyingi chenye manyoya machache au kitupu kabisa, na katikati yake upo mlango wa uke. Kwa hiyo jike ana matundu matatu, dume ana mawili.

Watu wengi huingia mkenge hapahapa. Jike wa panya, hamsta na jebili (mnyama wa jangwani anayefanana na panya) ana kijinundu cha mkojo kinachochomoza mbele ya uke. Anayekiona kwa mara ya kwanza husema "uume ule pale" na kufunga kesi. Kijinundu peke yake hakithibitishi chochote, maana dume anacho na jike anacho. Tazama kilichopo nyuma yake.

Namna ya kumtazama bila kumuumiza

Njia salama kuliko zote ni kutomgeuza kabisa. Mweke kwenye boksi la plastiki angavu, kavu na safi, linyanyue juu ya usawa wa macho, mulika kwa tochi kutoka pembeni, kisha mpige picha kadhaa za chini kwa simu. Ukiikuza picha utaona vizuri kuliko kumshika mnyama anayerukaruka. Picha ina faida nyingine: unaweza kuilinganisha na ya mwenzake, au na yake mwenyewe baada ya wiki moja.

Ikibidi kumshika:

- Panya mdogo (ile aina ndogo ya panya wa kufugwa, si mtoto wa panya): mshike shina la mkia, pale mkia unapoungana na mwili, huku miguu ya mbele ikibaki juu ya meza au kitambaa. Inua sehemu ya nyuma kidogo tu.
- Panya mkubwa: kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kibebe makalio. Usimning'inize kwa mkia.
- Jebili: mkia usiguswe kabisa zaidi ya shina lake. Ngozi ya mkia wake huvuka na kubaki mkononi mwako, na mfupa ulioachwa wazi hukauka na kukatika.
- Hamsta: mkalishe kwenye kiganja, mgongo wake ukielekea kwako. Usivute ngozi ya shingo kwa nguvu, kwa sababu macho ya hamsta yanaweza kuchomoka.
- Simbilisi: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio yote, mwegemeze kifuani kwako akiwa wima. Jike unayemdhania ana mimba usimlaze chali.

Chumba kiwe na joto la kawaida, kama nyuzi 20 hadi 24, na mnyama awe ametulia kwa dakika kumi hivi kabla ya kuanza. Sababu inafuata hapa chini.

"Naona matundu, lakini sijui kama umbali ni mrefu au mfupi"

Tatizo si macho yako. Umbali mrefu au mfupi hauna maana bila kitu cha kulinganisha. Waweke wawili wa umri mmoja, ikiwezekana wa tumbo moja, ubavu kwa ubavu, kisha tazama yupi ana nafasi kubwa zaidi. Wakiwa na jinsia tofauti, tofauti hujitokeza mara moja, hata kwa watoto wa siku chache.

Ugumu unakuja pale tumbo zima linapokuwa la jinsia moja. Wote wanafanana, nawe unaanza kutafuta tofauti isiyokuwepo: mmoja alijinyoosha, mwingine alijikunja, unawaandika "dume" na "jike". Ukiona tofauti ni ndogo sana na inabadilika kila unapotazama, yaelekea wote ni wa jinsia moja. Subiri wiki moja, rudia.

Kwa watoto wa panya wadogo kuna ishara mbili za ziada. Wale wenye ngozi ya rangi nyeusi, madume huonyesha kidoa cheusi mahali pa mfuko wa korodani tangu siku za mwanzo. Weupe hawana kidoa hicho, hivyo usikitafute kwao. Ya pili ni chuchu, na hiyo inastahili sehemu yake.

Kabla ya kuwagusa watoto, fikiria mama yao. Panya wengi wa kufugwa waliozoea mikono hawajali. Hamsta wa Syria akishtuliwa anaweza kula watoto wake, kwa hiyo waache hadi watimize angalau wiki 2. Hakuna utambuzi wa jinsia wenye haraka ya kuuzidi uhai wao.

"Umbali ni wa dume, lakini sioni korodani"

Sababu zinazowezekana, kwa mpangilio wa zinavyotokea mara nyingi:

Kwanza, amezirudisha ndani. Panya na jamaa zake wana njia ya kinena isiyofunga maisha yao yote, na dume anaweza kuzivuta korodani hadi tumboni. Baridi hufanya hivyo, hofu hufanya hivyo, hata kumshika vibaya. Ndiyo maana ya chumba chenye joto na dakika za kutulia. Mtazame pia akiwa amelala siku ya joto. Hapo dume wa hamsta hujisaliti mwenyewe.

Pili, bado mdogo. Kwa panya wadogo korodani huanza kuonekana akiwa na wiki 3 hadi 4, kwa panya wakubwa na hamsta wa Syria ni kwenye wiki ya 4 au 5. Chini ya hapo, kutoona korodani si ushahidi wa ujike.

Tatu, mwanga. Hili halijulikani sana, nalo huwapiga chenga hata wafugaji wazoefu. Dume wa hamsta wa Syria anayepata mwanga chini ya saa 12 na nusu kwa siku, kwa wiki kadhaa mfululizo, korodani zake husinyaa. Hamsta vibete wa Siberia nao huwa hivyo. Kizimba kilichowekwa kwenye kona yenye giza kinaweza kumfanya dume mzima aonekane kama jike. Mpe saa 14 za mwanga kila siku, nazo zitarudi baada ya wiki kadhaa.

Nne, amehasiwa. Tafuta kovu dogo kwenye kinena au kwenye mfuko wa korodani.

"Ana uvimbe mkubwa nyuma, chini ya mkia"

Kwa hamsta wa Syria, panya na jebili dume, huo ndio mfuko wa korodani, na ukubwa wake huwashtua wanaoufahamu kwa mara ya kwanza. Ukimtazama hamsta kutoka juu, dume ana sehemu ya nyuma iliyochongoka kuelekea mkiani. Jike ana nyuma ya mviringo, na mkia wake mdogo huonekana wazi.

Hakikisha ni korodani na si ugonjwa: ziko mbili, zinalingana, zinateleza chini ya ngozi, na hupungua akipata baridi. Upande mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwingine, mgumu, wa moto, wenye kidonda, au uvimbe ukiwa hausogei hata kidogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa wanyama wazee korodani moja inayokua peke yake inaweza kuwa ni uvimbe wa saratani.

"Ana chuchu. Basi ni jike?"

Inategemea ni mnyama gani. Kwa panya ni ndiyo: madume wa panya hawana chuchu. Panya mdogo jike ana 10, panya mkubwa jike ana 12. Wakati mzuri wa kuzitazama ni kabla manyoya ya tumboni hayajafunga, yaani siku ya 9 hadi ya 14 kwa panya wadogo: utaona vidoa vya waridi katika mistari miwili. Huo ni uthibitisho mzuri kuliko wowote kwa umri huo. Lakini kutoziona kwa mtoto mwenye manyoya hakumfanyi kuwa dume. Puliza manyoya kinyume au yaloweshe kidogo kwa maji ya uvuguvugu utazame tena.

Kwa simbilisi, zisahau. Dume ana chuchu 2, jike ana chuchu 2, mahali palepale.

"Kuna kidoa cheusi kiunoni" au "kitovu chake kinatoa kitu cha njano"

Ni tezi za harufu. Hamsta wa Syria ana mbili, moja kila upande wa kiuno. Kwa dume huwa nyeusi, kubwa, na manyoya yake hulowa anapochangamka. Kwa jike ni ndogo, mara nyingi zimefichika. Watu huzichukulia kuwa ni vidonda au uvimbe, wakazipaka dawa. Usipake kitu.

Hamsta kibete na jebili wana tezi moja katikati ya tumbo, mahali unapotarajia kitovu. Jebili dume ana upara mrefu, wa njano au kahawia, wenye mafuta. Wa jike ni mwembamba zaidi. Tezi ni ushahidi wa kusaidia tu, kwa sababu huongozwa na homoni na umri. Jike mzee mwenye tezi kubwa yupo, na dume mchanga asiye na tezi ya kuonekana yupo. Isipokubaliana na umbali, fuata umbali.

"Anatoa ute mweupe wenye harufu"

Kama ni hamsta wa Syria, una jike, na huenda hana ugonjwa wowote. Mzunguko wake ni wa siku 4, na baada ya yai kutoka hutoa ute mzito mweupe unaovutika ukiugusa kwa kijiti cha pamba. Unakuja kila baada ya siku 4, unakwisha, unarudi. Andika tarehe. Ute wa kila siku, wa njano, kijani au wenye damu, pamoja na tumbo kujaa na kukosa hamu ya kula, ni dalili ya usaha kwenye kizazi, na huo unaua haraka.

Damu nayo isipewe jina la hedhi. Hamsta, panya, jebili na simbilisi hawapati hedhi. Damu ya chini kwa jike inaweza kuwa mimba inayoharibika, uvimbe wa kizazi, au maradhi ya njia ya mkojo. Kwa simbilisi mawe ya kibofu ni ya kawaida, kwa madume na majike. Siku hiyohiyo aonwe na daktari.

Simbilisi: umbali haukusaidii sana

Simbilisi ndio wanaokosewa zaidi, kwa sababu kipimo cha umbali kwao si dhahiri na dume mchanga hana mfuko unaoning'inia. Korodani zake hukaa pembeni, kila upande wa tundu la mkojo, kama vifuko viwili chini ya ngozi, na kwa mtoto wa wiki 2 hazionekani kabisa.

Fanya hivi. Mshike wima kama ilivyoelezwa. Kwa kidole gumba na cha shahada, tandaza taratibu ngozi ya pande mbili za sehemu za siri. Jike ataonyesha mkunjo wenye umbo la herufi Y, na uke wake huwa umefungwa na utando mwembamba karibu wakati wote. Hufunguka akiwa kwenye joto, yaani siku anapokuwa tayari kupandwa na dume, na anapozaa. Dume ataonyesha kitone cha mviringo juu na mstari mwembamba unaoshuka, kwa hiyo kama herufi i. Ukiwa bado huna uhakika, weka kidole kwenye tumbo la chini, sentimita moja hivi juu ya kitone, ubonyeze kwa wepesi kuelekea chini. Kwa dume uume hutokeza, na hata usipotokeza utauhisi chini ya kidole kama kijiti kigumu kidogo. Kwa jike hakuna kigumu, na hakuna kinachotoka.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kubonyeza chini mno, kwenye sehemu zenyewe: ngozi hujikunja, nawe unaona "kitone" kwa jike. La pili ni mfuko wa ngozi ulio karibu na tundu la haja kubwa, ambao dume na jike wote wanao. Kwa dume mzee hujaa kinyesi na kuvimba, na huo mkunjo hudhaniwa ni uke. Usafishe kwa maji ya uvuguvugu kwanza, ndipo uamue.

Chinchila, wagugunaji wa kufugwa wenye manyoya mengi laini, wana mtego wao: kijinundu cha mkojo cha jike ni kirefu kiasi cha kuonekana uume kamili, na uke uliofungwa ni mstari mwembamba tu wa kukingama chini yake. Kwao tazama ngozi iliyopo kati ya kijinundu na tundu la haja kubwa. Kwa jike vinakaribia kugusana. Kwa dume kuna pengo la wazi.

"Mmoja anampanda mwenzake" na tabia nyingine

Hazina uzito. Majike hupandana wakiwa kwenye joto au wakigombea ukubwa, na madume wawili hupandana vilevile. Hamsta wa Syria hupigana bila kujali jinsia wakishapevuka, kwa hiyo ugomvi wao haukuambii kitu isipokuwa kwamba ni wakati wa kuwatenganisha. Harufu kali ya mkojo kwa panya wadogo huelekeza kwa dume, na panya mkubwa dume huwa mzito kuliko jike, ilhali kwa hamsta wa Syria jike ndiye mkubwa. Yatumie kama kidokezo cha kwenda kutazama upya, basi.

"Dume wangu ananenepa"

Mpime kwa mizani ya jikoni kila siku kwa saa ileile. Mafuta huongezeka polepole na kuenea mwili mzima, hadi mabegani na kwapani. Mimba hutanua pande za tumbo huku mgongo na mabega yakibaki vilevile, na uzito hupanda kwa kasi. Katika siku za mwisho chuchu hutokeza na manyoya yake hupungua. Tumbo lililokaza, mnyama aliyejikunja na asiyekula, si mimba wala mafuta: hiyo ni dharura.

Usilibonyeze tumbo kutafuta watoto. Hesabu siku tangu mara ya mwisho alipokaa na mwenzake:

- hamsta wa Syria: siku 16, mara chache hadi 18
- hamsta kibete: 18 hadi 21
- panya mdogo: 19 hadi 21
- panya mkubwa: 21 hadi 23
- jebili: 24 hadi 26, lakini akiwa ananyonyesha huweza kupita siku 40, kwa sababu mimba husubiri kujishikiza kwenye kizazi
- simbilisi: 59 hadi 72
- chinchila: karibu 111

Siku hizo zikipita bila kitu, yaelekea hakuna mimba.

Ukishagundua ni dume na jike

Mtoe dume saa hiyohiyo, hata kama mimba imeshaonekana. Panya, jebili, hamsta vibete na simbilisi huingia kwenye joto ndani ya saa chache baada ya kuzaa, na dume aliyebaki kizimbani atampa mimba nyingine kabla watoto hawajakauka. Mwachie jike kizimba alichozoea, hamisha dume.

Simbilisi jike anahitaji tahadhari ya pekee. Mifupa ya kinena chake hufungamana akifikia miezi 6 hadi 7 kama hajawahi kuzaa, na watoto wa simbilisi huzaliwa wakubwa, wenye manyoya na macho wazi. Jike aliyevuka umri huo na mimba ya kwanza anaweza kushindwa kuzaa. Mpeleke kwa daktari mapema, usingoje uchungu uanze.

Watoto watenganishwe kwa jinsia kabla hawajapevuka: hamsta na panya wadogo wakifika wiki 4, panya wakubwa kabla ya wiki 5. Simbilisi madume watoke kwa mama yao wakiwa na wiki 3, maana wanaweza kumpa mimba yeye au dada zao. Rudia ukaguzi siku ya kuwatenganisha, kisha tena baada ya wiki moja. Hapo ndipo yule aliyewekwa upande usio wake hugundulika.

Ukiamua kuhasi ili waishi pamoja, dume asirudishwe siku akitoka kwa daktari. Mbegu zilizobaki kwenye mirija bado zinaweza kutia mimba. Mweke peke yake wiki 4 hadi 6, akiwaona na kuwanusa wenzake kupitia waya.